Shiva Bila Miujiza: Kuzisoma Riwaya za Meluha Ukiwa Kigoma

Msomaji wa Kigoma akizipata riwaya tatu za Amish Tripathi, mwandishi wa India, juu ya Shiva, mmoja wa miungu wakubwa wa Wahindu, mara nyingi huzifurahia nusu. Kosa si Kiingereza chake. Kiingereza cha vitabu hivi ni chepesi, na aliyemaliza kidato cha nne anakimudu akiwa na kamusi karibu. Anachokosa ni kisa cha kale ambacho mwandishi anakichezea. Msomaji wa India amekua nacho: bibi yake alimsimulia, televisheni ikamwonyesha, kalenda ya ukutani ikakichora. Katika sura ya kwanza likitajwa jina la Nandi, anatabasamu papo hapo, maana Nandi anayemjua yeye ni fahali anayepandwa na Shiva. Sisi huku tunaona kapteni mnene wa jeshi, tunaendelea.

Igeuze hali hiyo. Tuseme mtu ameandika riwaya ambamo Fumo Liyongo ni mwanajeshi mstaafu wa pwani, na katika sura ya tatu mwanawe anaonekana kwa mfua shaba akiagiza sindano. Anayeujua utenzi, moyo unamdunda. Asiyeujua anafungua ukurasa unaofuata. Utamu wa riwaya za namna hii umelala katika nafasi iliyo kati ya kisa cha kale na kipya, kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuwa na cha kale kichwani kabla ya kukifungua kipya. Jioni mbili tatu zinatosha.

Vitabu vyenyewe ni The Immortals of Meluha cha mwaka 2010, The Secret of the Nagas cha 2011 na The Oath of the Vayuputras cha 2013. Cha kwanza na cha pili vina takriban kurasa 400 kila kimoja. Cha tatu kinavuka 500. Shiva humo si mungu. Ni kiongozi wa kabila dogo la Waguna wanaoishi kando ya ziwa Mansarovar, chini ya mlima Kailash huko Tibet, mwaka 1900 kabla ya Kristo. Anavuta bangi, anapigana na majirani wasiokwisha kumchokoza, amechoka. Nandi anafika akitokea nchi tajiri ya Meluha na kumwalika ahamie huko na watu wake. Anakubali, na mambo yote ya vitabu vitatu yanaanzia hapo.

Sharti alilojiwekea mwandishi ni kwamba hakuna muujiza. Kila ajabu ya kale lazima ipate sababu ambayo fundi, daktari au askari angeielewa. Sauti inayosikika ndani ya hekalu kutoka kwa kuhani aliye mji mwingine inaelezwa kwa mawimbi ya redio. Silaha za miungu zinazounguza miji zinakuwa silaha za nyuklia zilizopigwa marufuku. Mungu ni binadamu aliyefanya jambo kubwa, na vizazi vilivyofuata vikamkuza. Kwa hiyo swali la kusoma nalo ni hili: hapa zamani palikuwa na nini, na mwandishi amepaweka nini?

Kisa cha kwanza cha kujifunza, na ukikosa muda kabisa jifunze hiki peke yake, ni cha kusukwa kwa bahari ya maziwa. Miungu na mahasimu wao, Asura, walikitaka kinywaji cha kutokufa. Wakaung'oa mlima Mandara wakaufanya upekecho, wakamzungusha nyoka Vasuki kama kamba, hawa wakavuta huku na hawa wakavuta kule. Mlima ukaanza kuzama. Mungu Vishnu akajigeuza kobe akaubeba kwa gamba lake. Kabla kinywaji hakijatoka ikatoka sumu, Halahala, inayotosha kuua kila kiumbe. Shiva akainywa. Katika masimulizi mengi mkewe akamshika koo ili isishuke, ikabaki hapo hapo, na koo likawa la buluu. Tangu hapo mojawapo ya lakabu zake ni Neelkanth, mwenye koo la buluu.

Sasa rudi kwenye riwaya. Waguna wanafika Kashmir, daktari Ayurvati anawatibu, homa kali inawashika usiku. Asubuhi Shiva anaamka: bega lililokuwa limeteguka limepona, kidole cha mguu kilichoungua kwa baridi kimepona, na koo limegeuka buluu. Watu wa Meluha wanaanguka magotini, kwa kuwa wana utabiri wa mgeni mwenye koo la namna hiyo. Bahari haipo, nyoka hayupo. Lakini mlima Mandara upo, umekuwa kiwanda. Kinywaji kipo, kinaitwa Somras. Je, sumu iko wapi? Anayekumbuka kwamba katika kisa cha kale sumu na kinywaji vilitoka katika chombo kimoja atalibeba swali hilo kutoka kitabu cha kwanza hadi cha tatu. Asiyekumbuka atashtuka mwishoni, na kushtuka peke yake ni starehe ndogo kuliko kungoja.

Vingine vya kujiandaa navyo ni vifupi. Kisa cha Daksha: baba yake Sati anaandaa kafara kubwa, anawaalika wote isipokuwa mkwewe Shiva, Sati anakwenda bila mwaliko, anatukaniwa mume, anajitupa motoni, Shiva kwa ghadhabu anamtoa jitu Virabhadra, na Daksha anakatwa kichwa. Kisa cha Ganesh: Parvati, mke wa Shiva baada ya Sati, anamuumba mtoto alinde mlango akioga, Shiva anamkata kichwa bila kujua ni nani, kisha anamwekea cha tembo. Kisa cha Bhagiratha, mfalme aliyeomba hadi mto Ganga ukashuka kutoka mbinguni, na Shiva akaudaka kwa nywele ili usiivunje dunia. Kisa cha Kartikeya, mwana wa Shiva, aliyelelewa na akina mama sita, Krittika, kisha akamuua Asura Taraka. Na kutoka Ramayana, utenzi wa kale wa India, kisa cha Sita, mke wa Ram, kupita motoni kuthibitisha usafi wake. Soma kila kimoja katika nusu ukurasa, usizame. Mojawapo ya visa hivi kitakufungulia mtu mwenye barakoa anayepita kivulini katika kitabu cha kwanza na cha pili. Kipi, nakuachia.

Wapo wanaosema kukijua kisa cha Daksha kunaharibu kitabu cha tatu. Mimi naona kinyume. Ukikijua, kila mara Daksha anapomkumbatia bintiye unapata baridi mgongoni. Unajua linakuja, hujui litapitia mlango gani. Na mwandishi analijua hilo kuhusu msomaji wake, ndiyo maana anamchorea Daksha mapenzi mengi kwa binti kuliko inavyohitajika.

Kabla ya Meluha, lipo zoezi la nusu saa ambalo Mswahili analifanya kwa wepesi kuliko mtu wa nchi nyingine. Chukua hadithi ya kima na papa, ile yenye kisa cha punda wa dobi ndani yake, iliyochapishwa na Edward Steere mwaka 1870 katika mkusanyo wake wa hadithi za Unguja. Kima yuko juu ya mkuyu uliota majini, anamrushia papa matunda, wanakuwa marafiki. Papa anamchukua mgongoni, na katikati ya bahari anamwambia kwamba sultani wao mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anajibu kwamba wao mioyo yao huiacha mitini. Akisharudi juu ya mkuyu anamhadithia papa habari za punda asiye na moyo wala masikio.

Sasa iweke kando ya Panchatantra, mkusanyo wa Kisanskriti wa zamani sana. Tumbili yuko juu ya mzambarau, rafiki yake ni mamba, na anayeutaka moyo ni mke wa mamba, mwenye wivu na uchu. Punda yumo vilevile, na anayemrubuni ampeleke kwa simba ni mbweha. Katika Kiswahili mamba amekuwa papa kwa sababu hadithi imefika baharini, mbweha amekuwa sungura kwa sababu kwetu mjanja ni sungura, na mke amekuwa sultani kwa sababu pwani jambo zito hutoka kwa sultani. Mifupa haikuguswa. (Msimulizi wa Kibirizi angemrudisha mamba bila shida, wa mto Malagarasi wapo wa kutosha.) Mtu akishafanya ulinganisho huu kwa kalamu, ameshajua kusoma riwaya za Meluha: angalia kilichobadilika, uliza kwa nini, kisha angalia ambacho hakikuguswa, maana hicho ndicho mwandishi anachokiona kuwa moyo wa kisa.

Tumia daftari la kawaida la mistari. Gawa ukurasa mara tatu kwa rula: jina, kisa cha kale, riwaya. Nandi: fahali wa Shiva; kapteni wa Meluha. Brihaspati: mwalimu wa miungu; mwanasayansi mkuu wa mlima Mandar. Virabhadra: jitu lililotoka kwa hasira ya Shiva; rafiki wa Shiva wa utotoni, anaitwa Bhadra. Krittika: walezi sita wa Kartikeya; mwanamke mmoja, mwandani wa Sati. Taraka: Asura aliyeuawa na Kartikeya; mtu wa mji wa Karachapa anayemdharau Sati hadharani. Acha mistari mitupu chini ya kila jina, kwa sababu wengine hubadilika mara mbili. Majina ishirini yanatosha kitabu cha kwanza. Wanaoacha kitabu katikati huacha kwa ajili ya majina, si kwa ajili ya hadithi, na karibu wote hawakuwa na daftari.

Kuna mtego mmoja wa majina unaowaangusha hata waliojiandaa. Katika dini, Rudra, Shankar, Mahadev na Neelkanth ni lakabu za Shiva huyo huyo. Katika riwaya, Mahadev ni cheo. Aliyekishika kabla ya Shiva aliitwa Rudra, mtu mwingine kabisa aliyekufa zamani. Vishnu nacho ni cheo, na Ram alikuwa Vishnu wa saba. Ukisoma ukidhani Rudra ni Shiva, sura za katikati za kitabu cha kwanza hazitaeleweka, na kitabu cha tatu ndiyo kabisa. Andika kwenye jalada la ndani la daftari: MAHADEV NA VISHNU NI VYEO. Jambo dogo zaidi ni irabu ya mwisho. Masimulizi yaliyofuata Kisanskriti huandika Rama, Ganesha, Bhagiratha. Riwaya hufuata matamshi ya Kihindi cha leo na kuandika Ram, Ganesh, Bhagirath. Ni watu wale wale.

Pia angalia Ayodhya. Aliyeisoma Ramayana anajua Ayodhya ni mji wa Ram, na Ram ni wa ukoo wa jua. Katika riwaya watu wa Meluha, wafuasi wa jua wanaomwabudu Ram na sheria zake, hawaishi Ayodhya. Ayodhya ni makao ya mahasimu wao, watu wa mwezi, wa nchi ya Swadweep. Wengine hudhani ni kosa la mwandishi na kumkejeli. Si kosa. Subiri Shiva afike huko baada ya vita na uangalie anachokikuta, ndipo utaelewa kwa nini mji ule umewekwa upande ule.

Somras ndiyo kazi bora ya mwandishi huyu, nami ningekisoma kitabu cha kwanza kwa ajili yake tu. Katika Rigveda, mkusanyo wa kale wa nyimbo za dini za India, kuna kinywaji cha miungu kiitwacho Soma. Kitabu kizima cha tisa cha mkusanyo huo kimetungwa kukisifu. Kinywaji cha kutokufa cha bahari ya maziwa ni kingine. Amish amevifanya kimoja, kisha akavipa kemia. Brihaspati anamweleza Shiva kwamba hewa tunayovuta ndiyo inayotuzeesha: mwili ukiitumia unaacha mabaki yanayochakaza viungo, na Somras inayaondoa mabaki hayo. Nadharia ya uzee ya namna hii ipo katika sayansi, ila hapa imerahisishwa na kupewa nguvu ambazo dawa yoyote ya leo haina. Anayeishi jirani na Uvinza atakielewa kinachofuata kuliko msomaji wa Mumbai: chumvi nyeupe ya mezani nyuma yake kwa miaka mingi kulikuwa na maji ya chumvi yanayochemshwa, tanuri na kuni nyingi mno. Somras vivyo hivyo. Inataka maji mengi sana ya mto Saraswati, miti ya pekee, kiwanda mlimani, ulinzi, barabara, na serikali ya kuamua nani anywe. Kila mara wahusika wanapoutaja mto, pigia mstari. Mwandishi hautaji bure.

Aliwahi kufanya kazi katika benki na bima kabla ya kuandika, na inaonekana. Anapoeleza mfumo, iwe wa maji, wa jeshi au wa ugavi, anang'aa. Anapowafanya watu wawili wazungumze mapenzi, kalamu inamwia nzito. Wahusika wake huongea kama vijana wa mjini wa leo, wanatukana kwa maneno ya leo. Hilo limewaudhi wengi. Limekusudiwa, maana hataki Shiva aongee kama sanamu, lakini kukusudiwa hakulifanyi liwe zuri kila mahali.

Mwaka 1900 kabla ya Kristo nao haukuokotwa. Meluhha ni jina linaloonekana katika maandishi ya kale ya Mesopotamia, la nchi ya mbali iliyoleta bidhaa kwa bahari, na wataalamu wengi wanaihusisha na ustaarabu wa bonde la Indus: Harappa, Mohenjo-daro, bandari ya Lothal. Miji hiyo ilistawi kati ya mwaka 2600 na 1900, ikiwa na mitaa iliyonyooka, mifereji ya maji machafu iliyofunikwa, na matofali ya kuchoma yenye uwiano mmoja wa 1:2:4. Bwawa kubwa la Mohenjo-daro lina urefu wa mita 12 hivi na upana wa mita 7. Kuanzia karibu mwaka 1900 miji ikaanza kufifia. Hivyo mwandishi ameishika nchi yake saa ileile ilipoanza kuporomoka, na riwaya ni jibu lake kwa swali la kwa nini.

Lisichukuliwe kama historia, na hapa ndipo wasomaji wengi wanateleza. Maandishi ya Indus hayajasomeka hadi leo, kwa hiyo hakuna ajuaye watu wale walimwabudu nani. Ipo muhuri ndogo ya Mohenjo-daro yenye umbo lenye pembe, limekaa miguu imekunjwa, limezungukwa na wanyama. Mwanaakiolojia John Marshall mwaka 1931 alidai ni Shiva wa mwanzo, na wataalamu wengi baada yake wamekataa. Mtu akikwambia kijiweni kwamba vitabu hivi vimethibitisha Shiva alikuwa mtu wa Tibet, mwambie vimeuzwa kama riwaya.

Kwa kikundi cha wasomaji, sura zinazofaa kusomwa kwa sauti na kujadiliwa ni zile za Maika. Meluha watoto wote huzaliwa katika mji mmoja, hutengwa na wazazi, hulelewa na serikali bila kujulikana ni wa nani. Wakikua hufanya mtihani, mtihani huwapangia tabaka, na familia za tabaka hilo huwachukua. Lengo ni kuondoa upendeleo wa kuzaliwa. Peleka mjadala huu Tabora, mji wenye shule za vipaji maalumu za wavulana na wasichana, kwa watu waliopangwa na mtihani kutoka mikoa ya mbali wakiwa wadogo, nawe utaondoka jua limezama. Maswali matatu yanatosha kuuwasha moto: mtihani unapima kipaji au maandalizi? Mama anayejua mtoto wake yuko mji ule lakini hamjui, anaitii sheria hiyo kwa muda gani? Na kiongozi mkuu wa nchi, naye anaitii? Swali la tatu lina jibu lake ndani ya kitabu.

Sheria ya vikarma ni ya kujadiliwa pia, ila kwa uangalifu zaidi. Vikarma ni mtu aliyepatwa na msiba mkubwa, kama kuzaa mtoto mfu, na jamii ikaamua kwamba amebeba dhambi za maisha yaliyopita, haguswi, hakaribishwi. Sati ni mmoja wao. Tarak anapomdhalilisha, Sati anadai agnipariksha, yaani jaribio la moto. Aliyejiandaa anangoja aone mwanamke akipita motoni kama Sita. Anachokiona ni pambano la visu ndani ya duara la moto, na Sati ndiye aliyelichagua. Ukurasa huo una thamani ya maelezo mengi ya hotuba.

Kuvipata vitabu. Madukani Kigoma usitegemee. Agiza Dar es Salaam kwa mtu anayekuja kwa treni au basi, na uagize vyote vitatu pamoja, kwa sababu cha pili kinaanzia palepale cha kwanza kinapokatikia, mtu ameshika upanga. Kusubiri miezi hapo ni adhabu. Kwa simu, faili ya kitabu cha maandishi ni megabaiti chache tu, inashuka hata kwa mtandao dhaifu na kusomeka bila bando. Toleo la kusikiliza ni mamia ya megabaiti, lipakue penye Wi-Fi. Faili za wizi zinazozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp zina madhara yake mbali na haki ya mwandishi: nyingi ni picha za kurasa, herufi haziongezeki bila ukurasa kutoka nje ya kioo, na faharasa ya maneno iliyo mwisho wa kitabu mara nyingi imekatwa. Faharasa hiyo ni nusu ya msaada wako. Ukiwa na faili halali, weka alamisho hapo kabla ya kuanza sura ya kwanza.

Usitafute jina la mhusika mtandaoni katikati ya kusoma. Matokeo ya kwanza yatakwambia nani ni mtoto wa nani na nani anakufa. Ukikwama, tafuta kisa cha kale tu, tena katika kamusi ya dini au kitabu cha visa vya watoto, si kurasa za mashabiki. Na wale wanaopenda kuanza na tamthilia, Ramayan ya televisheni ya India ya mwaka 1987 ina vipindi 78 na Mahabharat ya mwaka 1988 ina 94. Ni nzuri, lakini ni mlima. Zije baadaye.

Mwendo: kitabu cha kwanza kisomwe haraka, mikao minne mitano, safari ya treni kutoka Kigoma hadi Tabora inameza zaidi ya nusu. Cha pili polepole, maana kila sura inageuza uliyoyaandika katika daftari. Cha tatu kina vita virefu, majeshi yanayozunguka mito, mbinu za majini. Chora ramani ya mito mitano sita kwenye karatasi, au ruka aya za mpangilio wa vikosi bila kujilaumu. Kurasa mia zingeweza kupunguzwa.

Kuna adabu katika jambo hili. Kwa Mhindu, Shiva si mhusika wa riwaya, anaombwa asubuhi. Ukiwa na jirani Mhindu, muulize kisa cha kale, atakusimulia kwa furaha, lakini usimfanyie mzaha wa bangi ya sura ya kwanza. Na usidhani kila mwenye duka mwenye asili ya Gujarat ni Mhindu. Musa Mzuri, mfanyabiashara wa Kihindi aliyejulikana Tabora katikati ya karne ya 19, alikuwa Mwislamu, na Ismailia na Mabohora wa miji yetu ni Waislamu pia. Kwa msomaji anayehofia imani yake, hizi ni hekaya, zisomwe kama Alfu Lela Ulela inavyosomwa.

Kwa mtoto wa darasa la sita hadi kidato cha pili, vitabu hivi si vyake. Mpe Aru Shah and the End of Time cha Roshani Chokshi, cha mwaka 2018, cha kwanza kati ya vitano. Humo msichana wa miaka 12 anawasha taa asiyoruhusiwa kuiwasha, na anagundua kwamba roho za Pandava, ndugu watano wa utenzi wa kale wa Mahabharata, zimezaliwa upya katika wasichana wa leo. Kwa hicho, maandalizi ni kuwajua Pandava watano na baba zao wa kimungu, nusu saa.

Ukishamaliza Shiva, mwandishi yuleyule ana mfululizo wa Ram, uliowekwa mwaka 3400 kabla ya Kristo, yaani zaidi ya miaka elfu moja nyuma. Usianze nao kwa hoja kwamba ni wa mapema kwa tarehe. Makabila ya siri ambayo Shiva anayagundua kwa jasho, humo yanatajwa wazi kama kitu cha kawaida, na siri za vitabu vitatu vya Shiva zitapoteza makali. Umejengwa kwa namna ya pekee: Scion of Ikshvaku cha 2015 kinamfuata Ram, cha 2017 kinamfuata Sita, cha 2019 kinamfuata Raavan, na vyote vitatu vinafika mahali pamoja, Sita anapotekwa. Tukio lile lile utalisoma kwa macho ya watu tofauti, kwa hiyo daftari litahitaji safu nyingine: nani alijua nini wakati ule. Katika cha kwanza kuna shambulio baya la ubakaji na mauaji, na mjadala mgumu juu ya adhabu ya mhalifu mwenye umri mdogo. Anayemwazima kijana kitabu amwambie mapema. Cha nne, War of Lanka cha 2022, kinaviunganisha vyote, na hakisomeki kama hujamaliza cha Raavan, hata kama rafiki yako amekusimulia.